Nusu Chupa ya Kombe

Mdogo wangu alimng'ata daktari wa meno kidole, na daktari hakukasirika. Alikitazama kidole chake ndani ya glavu, akakikunja na kukikunjua, akasema, "Meno mabovu, lakini nguvu yanayo." Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu mikono, muuguzi kamshika kichwa, na bado sindano ya ganzi haikufika kwenye ufizi. Alipiga mateke mpaka kiatu chake kimoja kikaruka, kikaangukia kwenye beseni la vyombo.

Alikuwa na miaka mitano. Magego yake manne yalikuwa yameoza, mawili kila upande, na moja la chini lilikuwa limeshafanya jipu. Shavu lilivimba, likanywea, likavimba tena. Kwetu Wawi, Pemba, karafuu haikosekani nyumbani, na bibi alikuwa akiitafuna yeye kisha akamsindilia kwenye tundu la jino. Ilimtuliza kwa muda, halafu kilio kikarudi. Akawa anatafunia meno ya mbele kama sungura. Mwisho akaacha kutafuna kabisa, akawa mtu wa uji tu.

Mama alikuwa hajatoka arobaini. Ana mtoto mchanga ndani, na kwetu mzazi hatoki mpaka siku zake zitimie. Baba alikuwa Unguja kwenye kazi za ujenzi. Nilibaki mimi, na mimi ni mtu ambaye nikitumwa dukani naomba Mungu nisikute watu wengine pale. Masomo yangu ni ya msingi tu. Hata huko skuli mwalimu akiniuliza kitu nilikuwa nalijua jibu na nikanyamaza, mpaka mwengine akalisema yeye. Sasa ndiye mimi niliyetakiwa kusema na madaktari.

Daktari alivuta kigoda akakaa. Alizungumza na mimi huku anamtazama mtoto, na nafikiri alifanya hivyo makusudi, ili nisione haya.

"Sikiza, dada. Ganzi peke yake umeiona. Kwa jino moja, kwa mtoto anayekubali kufungua kinywa, inatosha. Huyu ana meno manne, na kinywa anakifungua kwa ajili ya kuuma tu."

Niliitikia kwa kichwa.

"Kwengine kuna gesi. Mtoto anavishwa kitu kama pua ya mpira, anavuta, anakuwa mchangamfu, sindano haimshughulishi. Lakini halali. Lazima atulie mwenyewe, avute kwa pua, afanye anavyoambiwa. Na hapa mashine yake hatuna. Ipo dawa ya kunywa pia, ya kumlegeza. Anakuwa kama mtu anayesinzia. Kuna watoto inawatuliza, na kuna inaowafanya wakali zaidi, na kazi ikiwa ndefu inaweza kumwisha katikati. Wewe mdogo wako unamwonaje?"

Mdogo wangu wakati huo alikuwa chini ya meza, anatafuta kiatu na kututukana.

"Sasa itakuwaje?" nikasema. Ndilo neno langu la kwanza tangu tuingie.

"Alale usingizi wenyewe. Nusu kaputi."

Aliuona uso wangu, akaendelea polepole. Mtoto atapelekwa chumba cha upasuaji. Atakuwepo daktari wa usingizi, ambaye kazi yake ni moja tu, kumwangalia anavyopumua na moyo wake unavyokwenda, tangu alale mpaka azinduke. Meno yote yatamalizwa kwa mara moja na yeye hatokumbuka kitu.

"Na hatari?"

"Ipo, ndogo. Sitokudanganya. Huyu hana pumu, kifua chake safi, moyo wake mzima. Na hili jipu nalo tukiliacha lina hatari yake, linaweza kushuka shingoni." Hapo ndipo aliponitazama mimi. "Sharti kubwa ni tumbo. Mtu akilala usingizi ule, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kikipanda juu, hajui kukitema. Kinaingia mapafuni, na hapo ndipo watu wanapopotea. Basi tangu usiku asile kitu. Maji matupu, mwisho adhana ya alfajiri. Baada ya hapo hata funda moja asinywe. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Nambie nilivyosema."

Nikamwambia, kwa sauti ndogo, nikitazama beseni. Aliniacha nimalize. Alinipangia nimpeleke hospitali ya Wete, siku ambayo daktari wa usingizi angekuwepo. Alikuwa anakuja kwa siku hiyo tu.

Nyumbani habari ilifika kabla yangu, sijui kwa njia gani. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa ameshakaa kizingitini.

"Kuna mtu alilazwa hivyo hivyo," alisema. "Alipozinduka jina lake halijui."

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Simjui mie. Nimehadithiwa."

Bibi alimfukuza kwa macho. Bibi ni mama yake mama, na yeye humwita mdogo wangu mumewe. Mimi ni mke mwenzake. Ndivyo utani wetu ulivyo tangu mtoto yule azaliwe. Chakula kikiwa kitamu atasema nampikia mume wake nimnyang'anye. Siku ile hakutania. Alimpakata mtoto, akampapasa shavu lililovimba, akaniuliza, "Mke mwenzangu, wewe umekubali alazwe?"

"Mama na baba ndio waliokubali, bibi. Baba kasema kwa simu."

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyemsikia daktari."

Nilisema kwamba daktari alisema hatari ni ndogo, na tumbo liwe tupu. Tumbo nililitaja mara nyingi. Siku zilizobaki sikutulia. Nikifua nasahau sabuni ndani ya maji, nikipika nafunua sufuria kila mara kama kwamba ndani yake kuna habari. Kila nikimwona mtoto anacheza namtazama kifua, kinapanda, kinashuka, nawaza siku ile kitapandaje mtu akiwa hajijui.

Bibi naye hakutulia, ila yeye alijua pa kwenda. Alikwenda kwao Pujini, kwa mwalimu aliyemsomesha Qurani chuoni utotoni mwake, mzee mno sasa. Alirudi jioni na sahani nyeupe imefungwa ndani ya kanga, imeandikwa aya kwa zafarani duara mpaka katikati. Ndiyo kombe. Sahani ile huoshwa kwa maji na marashi ya waridi, na yale maji akanywa mgonjwa. Sote kwetu tumeyanywa, kwa homa, kwa hofu, kwa mitihani. Mimi nilinyweshwa ili haya zinipungue, na sijui kama zilipungua. Nilimwona bibi akiiweka sahani juu ya kabati, na nikafurahi.

Usiku wa kuamkia safari nililala kwenye mlango wa jikoni. Nilificha mkate, nikafunika mtungi na kuuwekea kinu juu. Alfajiri, kabla ya adhana, nilimwamsha mdogo wangu nikampa maji kidogo. Baada ya hapo akaanza.

"Dada, nna njaa."

"Baadae."

"Nipe uji wa ukope tu."

"Huo uji wa ukope ndio uji gani?"

"Kidogo kama ukope."

Nikacheka, na machozi karibu yanitoke. Jua lilipotoka nilikwenda kuoga, nikavaa baibui, na nilipotoka nilimkuta bibi anampangusa mdomo kwa ncha ya kanga. Ile sahani nyeupe ilikuwa imeinamishwa juu ya kizingiti inakauka. Niliiona kama unavyoona kitu chochote cha nyumbani. Mjomba alikuwa anapiga honi nje kwa gari aliyoazima, mama analia ndani na kunihimiza nisisahau nguo za kubadilisha, na mimi nikakimbia kufuata mkoba.

Njia nzima mpaka Wete mdogo wangu alikaa kimya, kichwa juu ya paja la bibi. Nilishukuru. Nilidhani ni njaa imemchosha.

Tulikaa kwenye benchi na watoto wengine na mama zao. Mtoto mmoja alikuwa akilia kwa mpango, ananyamaza kusikiliza kama kuna anayemjali, kisha anaanza tena. Muuguzi alikuja na kigauni cha kijani, akasema sisi ni wa pili.

"Mtoto kala?"

"Tangu jana usiku hakuna kilichoingia," bibi akajibu. "Wallahi, mwanangu."

"Kanywa kitu tangu adhana ya alfajiri?"

"Hajanywa."

Bibi yangu hasemi uongo. Nimeishi naye maisha yangu yote na sijapata kumkamata na uongo hata wa kubembelezea mtoto. Alisema vile kwa moyo mweupe, na muuguzi akaridhika, akamvua mtoto kanzu ili amvishe kigauni. Kanzu ilipopita usoni, mdogo wangu akalamba midomo. Pembeni mwa mdomo wake nikaona rangi ya manjano. Kwenye ukosi wa kanzu pia, tone moja la manjano limesambaa.

Hapo ile sahani ya kizingitini ikanirudia.

Nikamsogelea bibi, nikamnong'oneza. "Bibi, lile kombe umempa saa ngapi?"

"Ulipokwenda kuoga."

"Lakini umemwambia hajanywa."

"Hajanywa. Kombe si kitu cha kunywa lile, ni dua. Mtu anakwenda kwenye kisu bila ya kitu?"

"Bibi, daktari kasema hata funda moja."

"Daktari kasema maji na chakula. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuja na maneno hayo." Alikuwa bado ananong'ona, lakini kope zilimcheza. "Nyamaza. Usiniaibishe mbele za watu."

Muuguzi alikuwa anamfunga mtoto utepe wa jina mkononi. Yule mtoto wa kwanza alikuwa ameshaingizwa. Nikamuuliza bibi kitu ambacho sikukitafuta, kilikuja tu.

"Mwezi wa Ramadhani, bibi, kombe unalinywa mchana?"

Alinigeukia. Mdomo wake ulifunguka kidogo ukafumba.

"Unanifundisha dini yangu?" alisema mwishowe, na safari hii hakunong'ona. Watu wa benchi wakatazama.

Mimi watu wakinitazama huwa natafuta pa kujificha. Nilisimama hivyo hivyo. Muuguzi alikuwa amemshika mtoto mkono waende, na maneno hayakunitoka, basi nikamkamata mdogo wangu kidevu nikamwinua uso, nikamwonyesha muuguzi ile manjano kwa kidole.

"Kanywa," nikasema. "Kanywa kombe asubuhi. Jua limeshatoka."

Muuguzi alimtazama mtoto, akamtazama bibi, akaenda kumwita daktari wa usingizi. Alitoka mwanamke mfupi, kofia ya kijani, barakoa imeshushwa kidevuni. Alimwamkia bibi kwanza, "Shikamoo, bibi," na bibi akaitikia bila kumtazama. Kwa maneno mawili tu lafudhi yake ilikwambia anakotoka.

"Wewe Muunguja," bibi akasema.

"Ndiyo, bibi. Unisamehe."

Mama mmoja kwenye benchi akacheka. Bibi hakucheka. Daktari akachutama mbele yake.

"Nambie, bibi, kombe lilikuwa na nini? Maziwa yalikuwamo?"

"Maziwa ya nini? Maji, zafarani, marashi. Na asali kijiko, alikuwa halitaki."

"Kanywa kiasi gani?"

Bibi alifungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo iliyokuwa ya sharbati. Ilikuwa nusu, manjano, imefungwa kwa kipande cha nailoni. "Nusu kanywa. Hii nusu nilitaka nimpe mlangoni, anapoingia."

Daktari aliishika ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nafikiria ule mlango. Nilikuwa nafikiria bibi akimpa pale, sisi wengine tumegeuka.

"Unasema dua ni chakula," bibi alimwambia.

"Sisemi hivyo, bibi yangu. Dua imeshafika kwa Mola. Maji ndiyo yangali tumboni." Akamrudishia chupa. "Tutamweka wa mwisho, tumbo lipate kumaliza. Hii iweke vizuri. Akizinduka na akiruhusiwa kunywa, mpe hii."

Alipoondoka alinigusa bega. Ningependa asingenigusa, kwa sababu bibi aliona.

Ukawa mrefu ule wakati. Watoto waliingia mmoja mmoja na benchi likawa tupu upande mmoja. Mdogo wangu aliomba chakula, akaomba maji, akaniomba nimuulize daktari kama barafu ni maji. Nje ya dirisha mtu alikuwa anakaanga mihogo, na harufu ilikuja yote kwetu. Nilimbeba nikampeleka mwisho wa ukumbi, nikamrudisha, nikampeleka tena. Kila mlango ukifunguka nilidhani watatoka kusema muda umekwisha, daktari wa usingizi anaondoka, rudini siku nyengine. Halafu nikawaza jipu. Halafu nikawaza kwamba ningenyamaza angekuwa ameshamaliza, yuko salama, na bibi anacheka na mimi. Halafu nikawaza mapafu. Nilikuwa nazunguka katika mambo hayo manne kama nilivyokuwa nazunguka ukumbini.

Bibi alikaa na chupa mapajani.

Walipotuita, muuguzi alisema aingie mtu mmoja na mtoto mpaka alale. Nilimtazama bibi. Bibi alitazama sakafu. Mdogo wangu alinikumbatia shingo kwa nguvu, basi nikaingia mimi, nimevishwa kofia na gauni kubwa lenye kamba nyuma.

Ndani kulikuwa na baridi. Nilikaa na mtoto mapajani, na daktari wa usingizi akamwonyesha mfuko wa mpira ulioshikana na kipande cha kufunika pua na mdomo. "Hili pulizo langu haliwezi kujaa. Wenzio wote leo wameshindwa."

"Mimi naweza."

"Aa, wewe mdogo."

"Naweza!"

Alijiwekea mwenyewe kile kipande usoni. Alipuliza, akavuta, akasema "kunanuka," akapuliza tena kwa hasira. Daktari aliniambia mapema kwamba macho yatapinduka na miguu itaruka kidogo, ni kawaida, nisiogope. Yalipopinduka niliogopa vile vile. Kisha mkono wake uliokuwa umenishika kidole gumba ulifunguka wenyewe. Akawa mzito, mzito kuliko alivyopata kuwa akiwa amelala nyumbani. Wakamchukua mapajani mwangu.

"Kifua chake kinapanda?" nikauliza.

"Njoo utazame," daktari akasema. Kilikuwa kinapanda. "Sasa toka, dada. Mimi sitoondoka hapa."

Nje sikuweza kukaa. Nilitembea mpaka dirishani, nikarudi. Bibi alikuwa na tasbihi kwenye mkono mmoja na chupa kwenye mkono mwengine.

"Kaa chini," alisema. "Unanitia kizunguzungu."

Nikakaa, mbali kidogo naye. Tasbihi iliendelea. Baada ya muda ilisimama.

"Silinywi," bibi alisema, kama anayezungumza na ukuta.

"Nini, bibi?"

"Kombe. Ramadhani mchana silinywi." Tasbihi ikaendelea. "Lakini mbele za watu, mjukuu wangu."

"Nisamehe, bibi."

Alivuta ncha ya baibui langu iliyokuwa imekalia uchafu wa benchi, akaikung'uta.

Mdogo wangu alizinduka kwa kilio. Tulimsikia kabla ya kumwona, kilio cha sauti iliyokauka, na bibi akasimama haraka kuliko nilivyojua anaweza. Alikuwa ametapakaa damu na mate, anapiga mateke, hatujui, hamtaki mtu. Muuguzi alisema wengi huamka hivyo, tumwache, itampita. Sikumwamini. Nilimshika mguu tu, basi, nikaushika mpaka ukapunguza nguvu. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka, na safari hii kwa hasira yake mwenyewe.

Mwisho akafungua macho sawasawa. Akapeleka ulimi nyuma ya kinywa, akaurudisha.

"Meno yangu yako wapi?"

"Yametoka," nikasema.

"Nani kakwambia nayataka yatoke?"

Bibi aliinama juu yake. "Mume wangu, sasa kibogoyo wewe na kibogoyo mie. Tumefanana."

"Mimi sikutaki. Wewe kizee."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, na akaendelea kujifuta baada ya kicheko kwisha. Mtoto akaomba maji. Bibi alikuwa ameshaanza kufungua kile kipande cha nailoni, kidole chake kiko kwenye fundo. Akasita. Alitazama mlango alioingilia daktari wa usingizi, akanitazama mimi, chupa ameinyoosha mbele yake wala hampi mtoto.

"Kamuulize," alisema. "Kamuulize kama wakati umefika. Wewe ndiye unayejua kusema nao."

Ukumbini walikuwepo watu, wauguzi wawili wanazungumza na mwanamme mmoja mwenye mkoba wa ngozi. Nilipita katikati yao, nikabisha hodi.